Modeli ya magari yanayojiendesha inapokataa kufanana na Mombasa: dalili, visababishi na marekebisho

Kipindi cha mpito kuelekea magari yanayowasiliana na yanayojiendesha ni kigumu kuigwa kwenye kompyuta kuliko mwanzo wake au mwisho wake. Barabara yenye magari ya aina moja, yawe yote ya binadamu au yote ya mashine, ina tabia inayotabirika, ilhali barabara ya mchanganyiko hubadilika kila gari linapopata jirani mwingine. Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi, mhandisi au mpangaji wa miji aliyekwisha kujenga modeli ya barabara za Mombasa, akaiendesha, na sasa anayatazama matokeo yasiyomwingia akilini. Mifano mingi imetokana na SUMO, programu huria ya kuiga mwendo wa magari ambayo taasisi ya Ujerumani iitwayo DLR imekuwa ikiiendeleza tangu mwanzo wa miaka ya 2000, lakini dalili zenyewe huwapata pia watumiaji wa Vissim na programu nyingine zinazoiga gari moja moja.

Kazi hii imenifundisha jambo moja ambalo ningependa kila anayeanza alijue mapema: kasoro nyingi zinazosingiziwa magari yanayojiendesha huwa zimeanzia kwenye magari ya kawaida. Kwa hiyo, dalili yoyote utakayoiona, kwanza rudisha magari ya mashine kuwa asilimia 0, endesha modeli upya, kisha linganisha matokeo na hesabu uliyoifanya barabarani kwa macho yako. Ikiwa Mombasa ya leo haipo ndani ya kompyuta yako, Mombasa ya kesho haiwezi kuwemo.

Asilimia 0 hailingani na barabara yenyewe

Kosa lililo rahisi kuonekana ni magari kupita upande wa kulia. Ramani ya OpenStreetMap inapogeuzwa kuwa mtandao wa SUMO, programu haijui kwamba Kenya tunaendesha kushoto mpaka iambiwe. Usipowasha chaguo la lefthand unapotumia netconvert, kifaa cha SUMO kinachogeuza ramani, barabara zote za pande mbili zitageuzwa, na haki ya kupita kwenye makutano atapewa asiyestahili. Rekebisha hapo, ujenge mtandao upya, uendelee.

Kosa la pili halionekani kwa macho, nalo ni kivuko cha Likoni. Mtandao unaochotwa kwenye ramani kwa mipangilio ya kawaida huchukua barabara na kuiacha njia ya feri, hivyo kisiwa na pwani ya kusini hubaki bila kiungo pale Kilindini. Ikiwa eneo la modeli yako halifiki Miritini, safari zote za kutoka Likoni kwenda mjini zitakosa njia, na ukiwa umeiamuru programu ipuuze makosa ya njia, itazitupa kimya kimya. Ikiwa eneo linafika Miritini, madereva wote wa Likoni watapelekwa barabara ya Dongo Kundu, wazunguke mpaka Changamwe, ndipo waingie kisiwani kupitia Makupa. Mimi nilipoteza wiki nzima nikihangaika na taa za Changamwe, nikizirefusha na kuzifupisha, kumbe foleni ile ilikuwa ya watu ambao kila asubuhi huvuka kwa feri.

Njia rahisi ya kuiwakilisha feri ni kuchora kipande cha barabara kinachovuka maji na kukiwekea taa mwanzoni, ambayo itakuwa nyekundu wakati wote feri iko safarini na kijani kwa muda wa kupakia tu. Kasi ya kipande hicho iwe ile inayotoa muda halisi wa kuvuka, na urefu wa kijani utokane na saa uliyoishika mkononi pale kivukoni. Hii si picha kamili, kwa kuwa feri halisi hungoja ijae na haifuati taa, lakini inatosha kuyafanya magari yafike mjini kwa mafungu, kama yanavyofika kweli. Mafungu hayo ndiyo yanayoijaza barabara ya Nyerere na kuiacha tupu kwa zamu.

Kosa la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Simama Kongowea asubuhi, upande wa magari yanayoelekea Daraja la Nyali, utazame matatu moja tu. Inakuja kwa kasi, inapunguza ghafla kabla ya steji, inaingiza matairi ya mbele kando ya lami na kuacha nusu ya mwili wake ndani ya leni. Makanga ameshashuka kabla haijasimama. Anaita abiria, anapakia wawili, anapiga bodi, na dereva anarudi barabarani bila kungoja mwanya, kwa kuwa anajua kwamba atakayemwona ubavuni atashika breki. Katika muda huohuo tuktuk mbili zimepenya kati ya matatu na lori la leni ya pili, na bodaboda imepita kati ya tuktuk hizo. Hamali mwenye mkokoteni wa viazi anavuka mbele ya wote, na wote wanampisha.

Modeli ya kawaida haioni lolote kati ya hayo. Inajua leni, na ndani ya leni magari hufuatana kama shanga kwenye uzi. Gari la kawaida la SUMO lina urefu wa mita 5, huacha mita 2.5 linaposimama, na husimama kwenye kituo palipochorwa kwa muda uliopangwa. Ili Kongowea ionekane, washa uigaji wa leni zilizogawanywa vipande vyembamba, kwa mfano vya mita 0.8, ili gari liweze kusogea pembeni bila kuhama leni nzima. Ipe tuktuk vipimo vyake, takriban mita 2.6 kwa urefu na mita 1.3 kwa upana, badala ya kuiacha irithi vipimo vya gari dogo. Matatu zipangie vituo vingi vilivyotawanyika ndani ya leni, zisimame kwa muda usiolingana. Kompyuta itachelewa sana kumaliza kazi, nami naona ni afadhali kuiga kilomita tatu za barabara ya Nyali hivyo kuliko kaunti nzima kwa shanga na uzi.

Usisahau pia kwamba saa za msongamano makutano mengi huongozwa na askari wa trafiki kwa mkono. Mzunguko wa taa wa sekunde 90 ulioandikwa kwenye mtandao wako hauna maana yoyote saa ambayo askari ameamua kuupa upande mmoja dakika nne.

Kipimo cha kuridhika kwamba asilimia 0 imekaa sawa ni GEH, ambacho ni kipeuo cha pili cha sehemu ifuatayo: mara mbili ya mraba wa tofauti kati ya modeli na hesabu, ikigawanywa kwa jumla ya modeli na hesabu. Desturi iliyotoka Uingereza ni kwamba GEH iwe chini ya 5 katika asilimia 85 ya sehemu zilizohesabiwa. Tuseme umehesabu magari 1,200 kwa saa mahali fulani na modeli inatoa 1,380. Tofauti ni 180, na GEH inatoka 5.01, yaani umekosa kwa unywele. Lakini mtiririko peke yake unadanganya, kwa sababu idadi ileile ya magari inaweza kupita barabara ikiwa tupu au ikiwa imesongamana. Pima pia muda wa safari, kwa mfano kutoka Bombolulu hadi Buxton, siku kadhaa za kazi, na ulinganishe vyote viwili.

Magari yanatoweka katikati ya foleni

Foleni ya Daraja la Nyali inapojifungua yenyewe kila baada ya dakika chache bila sababu inayoonekana, fungua faili la kumbukumbu na utafute neno teleport. Kwa mipangilio ya kawaida, SUMO hulinyanyua gari lililokwama sekunde 300 na kuliweka mbele mahali penye nafasi. Vissim nayo huliondoa gari lililongoja kuhama leni kwa sekunde 60. Waandishi wa programu walikusudia mema, ili kosa dogo la mtandao lisizime uigaji mzima, lakini anayelinganisha asilimia 10 na asilimia 40 ya magari ya mashine huishia kulinganisha idadi ya magari yaliyonyanyuliwa.

Zima unyanyuaji huo kwa kuweka thamani ya -1, uache barabara ikwame, kisha uende mwenyewe kwenye gari la kwanza kabisa la foleni. Mara nyingi utalikuta liko leni isiyoelekea linakokwenda kwa sababu ramani imekosea mishale ya kupinda, au makutano yamejazwa na magari yanayotazamana, kila moja likingoja mwenzake. Rekebisha chanzo, si dalili.

Kuna mtego mwingine jirani na huo ambao huwanasa hata wazoefu. Mtandao ukijaa, magari mapya hayaingii. Hungoja nje ya modeli, mahali ambapo hakuna anayeyaona, na wastani wa muda wa safari huhesabiwa kwa yale yaliyoingia na kumaliza tu. Hivyo hali mbaya zaidi inaweza kutoa wastani mzuri zaidi. Kila mara ripoti pamoja na wastani huo idadi ya safari zilizokamilika, zilizobaki njiani, na zilizongoja nje, na muda wa kungoja uingizwe kwenye hesabu ya ucheleweshaji.

Faida kubwa inaonekana mapema mno

Hii ndiyo dalili inayopendwa na wenye kuandika ripoti, na kwa hiyo ndiyo inayohitaji kutiliwa shaka kuliko zote. Umeongeza asilimia 30 ya magari yanayowasiliana, na uwezo wa barabara, yaani idadi ya magari inayoweza kupitisha kwa saa, umeruka kwa zaidi ya kumi katika mia.

Kisababishi karibu kila mara ni kimoja: aina mpya ya gari imepewa mwanya mfupi, yaani sekunde chache za kuwa nyuma ya gari la mbele, dhidi ya yeyote aliye mbele yake. Lazima zitofautishwe teknolojia mbili. Ya kwanza, inayojulikana kwa kifupi kama ACC, hulipima gari la mbele kwa rada na kurekebisha kasi. Viwango vya kimataifa havimruhusu dereva kuiwekea mwanya ulio chini ya sekunde 0.8, na wengi huchagua mkubwa zaidi. Ya pili, CACC, huongeza mawasiliano ya redio, ili gari lijue breki ya mwenzake kabla rada haijaiona, na ndiyo iliyojaribiwa barabarani kwa mwanya mfupi hadi sekunde 0.6. Mwanya huo hupatikana pale tu gari la mbele nalo linapozungumza. Likiwa nyuma ya matatu ya mwaka wowote ule, gari lenye CACC hurudi kuwa la rada tu.

Sasa fanya hesabu. Ikiwa asilimia 30 ya magari yana redio na yamechanganyika bila mpangilio, uwezekano wa jozi yoyote ya magari yanayofuatana kuwa na redio yote mawili ni 0.3 mara 0.3, yaani asilimia 9. Tuchukue kasi ya kilomita 50 kwa saa, gari la mita 5 na nafasi ya mita 2.5, ambazo hupitwa kwa sekunde 0.54. Dereva wa kawaida anayeacha sekunde 1.5 hutumia jumla ya sekunde 2.04, na leni hupitisha magari kama 1,765 kwa saa. Jozi inayozungumza, yenye mwanya wa sekunde 0.6, hutumia sekunde 1.14. Kwa asilimia 9 ya jozi, wastani ni sekunde 1.96 na leni hupitisha kama 1,838, ambalo ni ongezeko la takriban asilimia 4. Aliyekosea na kumpa kila gari lenye redio mwanya mfupi atapata 2,034, ongezeko la asilimia 15. Tofauti ya hitimisho zima la utafiti imo katika sharti hilo moja.

Shladover, Su na Lu walionyesha jambo hilohilo 2012 kwa uigaji wa barabara kuu ya Marekani: ACC peke yake haikubadilisha uwezo wa leni kwa kiasi cha maana, na CACC ilikaribia kuuongeza maradufu, kutoka takriban magari 2,000 hadi takriban 4,000 kwa saa, lakini pale tu magari yote yalipokuwa nayo. Tena ile ilikuwa barabara kuu isiyo na steji wala makutano. Digo Road haibanwi na mwanya kati ya gari na gari. Hubanwa na makutano, na watu wanaovuka, na matatu iliyosimama. Modeli ya kisiwa inayotoa faida ya barabara kuu ina tatizo, hata kama mwanya umewekwa sawasawa.

Angalia pia asilimia yako ni asilimia ya nini. Magari yaliyosajiliwa si magari yaliyo barabarani. Gari la kibinafsi huvuka Daraja la Nyali mara mbili kwa siku, matatu huvuka mara nyingi, na tuktuk nyingi huzunguka mtaani siku nzima. Asilimia 30 ya magari ya kibinafsi inaweza kuwa sehemu ndogo sana ya vyombo vinavyopita mahali unapopima, na jozi zinazozungumza zikawa chache zaidi. Kwa upande mwingine, malori ya kampuni moja yanayotoka bandarini kwa mafungu kuelekea Mariakani yanaweza kufuatana, na hapo hesabu ya mchanganyiko usio na mpangilio itakupunja. Weka mchanganyiko kwa kila aina ya chombo na kwa kila barabara.

Ajali zinaongezeka kadiri magari ya mashine yanavyoongezeka

Kabla ya kuandika kwamba umegundua hatari mpya, tazama hatua ya muda ya uigaji. SUMO huanza ikiwa na hatua ya sekunde 1. Gari lililopewa mwanya wa sekunde 0.6 litatazama mbele mara moja kwa sekunde, na katika nafasi kati ya kutazama na kutazama litakuwa limeshagonga bampa ya mwenzake. Mwanya usiwe kamwe mfupi kuliko hatua ya muda. Punguza hatua hiyo iwe sekunde 0.1, na ukubali kwamba kazi itachukua muda wa takriban mara kumi.

Ukishaibadilisha, usilinganishe matokeo mapya na asilimia 0 ya zamani. Kuyumba kwa dereva wa binadamu, ambako programu hukuiga kwa bahati nasibu katika kila hatua, hubadilika nguvu hatua inapofupishwa, kwa hiyo madereva wako wa kawaida nao wamekuwa watu wengine. Unaweza kuyaachia magari ya binadamu muda wa kuamua wa sekunde 1 huku uigaji ukienda kwa hatua ya 0.1. Hata hivyo rudia ulinganisho na barabara tangu mwanzo.

Mawimbi ya kusimama na kwenda yanakua

Wengi hudhani hii ni hitilafu, na mara nyingi si hitilafu. Sugiyama na wenzake walionyesha 2008 nchini Japani kwamba magari 22 yanayozunguka duara la mita 230 hujitengenezea foleni bila kizuizi chochote. Milanés na Shladover walipoendesha kwa kufuatana magari manne yenye ACC ya kiwandani, katika matokeo waliyoyachapisha 2014, mtikisiko mdogo wa gari la kwanza ulikua kuelekea nyuma, na kwa CACC ulififia. Ikiwa mawimbi yako hukua kwenye ACC na kufa kwenye CACC, modeli inasema kweli. Yakikua kwenye CACC pia, kagua hatua ya muda na ucheleweshaji wa redio ulioweka.

Gari linalojiendesha linaganda

Limefika makutano madogo ya kutokea Kongowea na halitoki tena. Nyuma yake foleni inarefuka hadi mwisho wa mtandao. Sababu ya kwanza ni kwamba umelipa kanuni ya kungoja mwanya ulio salama kabisa, na mwanya huo haupo Mombasa kabla ya saa nne asubuhi. Dereva wetu hausubiri mwanya, bali huutengeneza: husogeza pua ya gari kidogo kidogo mpaka anayekuja akubali. Magari ya binadamu katika modeli yana subira inayopungua kadiri yanavyongoja. La mashine lipe nalo kanuni ya kusogea, iliyo ya polepole na yenye mipaka, au ukiri waziwazi kwamba unaiga gari lisiloweza kuuhudumia mji huu.

Sababu ya pili ni kinyume chake, nayo haionekani kwenye kumbukumbu za programu. Dereva wa matatu akishajua kwamba gari fulani litampisha kila mara, atalikata kila mara. Modeli nyingi huwaacha binadamu na tabia ileile toka asilimia 0 hadi 90, kana kwamba hawatajifunza. Mimi huongeza jaribio moja ambamo binadamu hukubali mwanya mfupi zaidi mbele ya magari ya mashine kuliko mbele ya binadamu wenzao, na kuyaweka matokeo ya hali zote mbili mezani. Tofauti yake huwa kubwa, na naamini ndiyo inayokaribia ukweli wa steji.

Redio haikosei kamwe

Ikiwa kila ujumbe unafika, hujaiga mawasiliano, umeyadhania. Magari yanayotumia masafa ya 5.9 GHz hutangaza mahali yalipo na kasi yake hadi mara 10 kwa sekunde, na mawimbi hayo huzuiwa na ukuta na chuma. Mji wa Kale una kuta nene za mawe ya matumbawe na kona zisizoonana. Barabara ya kutoka bandarini imejaa trela zenye makontena ya chuma pande zote za gari dogo. Aliye na muda aunganishe SUMO na OMNeT++, programu ya kuiga mitandao ya mawasiliano, kupitia Veins, ambayo huiga redio yenyewe. Asiye na muda apoteze ujumbe kwa uwezekano unaoongezeka kwa umbali, aongeze upotevu palipo na jengo au lori kati ya magari mawili, na ahakikishe kwamba gari lililopoteza mawasiliano linarefusha mwanya wake papo hapo.

Kwetu kuna jambo la ziada. Magari mengi yanayoshushwa bandarini hapa yametumika Japani, na mfumo wa magari kuzungumza ulioanza kuuzwa huko 2015 hutumia masafa ya 760 MHz. Gari kama hilo na lingine la 5.9 GHz yanaweza kuwa na redio yote mawili na yasielewane neno. Katika orodha ya aina za magari, weka lugha mbili za redio, na uhesabu jozi kwa kila lugha peke yake. Asilimia 30 iliyogawanyika nusu kwa nusu haitoi tena asilimia 9 ya jozi, bali 4.5.

Gari la ngazi ya 3 halimrudishii dereva usukani

Gari la ngazi hiyo hujiendesha lenyewe, lakini dereva lazima awe tayari kushika usukani likimwomba. Katika modeli linajiendesha toka Mtwapa hadi Fort Jesus bila kukatizwa. Hilo haliwezi kuwa kweli. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 157 ya 2020, inayohusu magari ya ngazi hiyo, huruhusu mfumo ufanye kazi kwenye barabara ambazo watembea kwa miguu na baiskeli hawaruhusiwi na pande zake zimetenganishwa kwa kizuizi. Gari likishaomba dereva ashike usukani, humpa angalau sekunde 10 kabla ya kuanza kusimama lenyewe. Digo Road na Moi Avenue hazina sifa hizo, na mistari ya leni hufutika. SUMO ina kifaa cha kuiga makabidhiano hayo. Kiwashe, uorodheshe barabara ambazo mfumo unaruhusiwa, na kwingineko lichukulie gari hilo kuwa la binadamu.

Jibu linabadilika kila unapoendesha

Umetumia mbegu moja ya nasibu, yaani namba moja inayoanzisha bahati nasibu ya programu. Endesha mara kadhaa kwa mbegu tofauti, utafute mchepuko wa muda wa safari, yaani kiasi ambacho matokeo hutawanyika kuzunguka wastani, kisha uhesabu idadi inayohitajika. Mchepuko ukiwa sekunde 40 na unataka wastani usiokosea zaidi ya sekunde 15 kwa uhakika wa asilimia 95, utahitaji takriban mara 30. Tupa dakika za mwanzo ambamo mtandao bado unajaa.

Foleni imekwisha, na mwaka umeandikwa

Grafu inaonyesha kwamba mwaka fulani Buxton haitakuwa na foleni. Mambo mawili yamesahauliwa. La kwanza ni safari zenyewe: umeweka idadi ileile ya safari, ilhali gari linaloweza kumshusha mwenyewe mjini na kurudi tupu Nyali kuegesha limevuka daraja mara mbili pale lilipovuka mara moja. Ongeza safari tupu hata kwa kiasi kidogo, utaona faida ikiliwa.

La pili ni kalenda. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na magari mengi huingia yakiwa yamekaribia umri huo, kisha hutumika hapa miaka mingi zaidi. Teknolojia inayouzwa leo kwingine itafika kwenye yadi za Mombasa ikiwa imezeeka, kwa uwiano ambao si wa nchi ilikotoka. Ukichukua makadirio ya Ulaya na kuyabandika kwenye mhimili wa miaka, umeiga mji mwingine. Andika asilimia kwenye mhimili wa mlalo, kwa kila aina ya chombo peke yake, na miaka uiongeze baada tu ya kuhesabu umri wa magari yanayopita mahali ulipopima.